Mchanga Ndani ya Bomba la Tangi

Siku yangu ya kwanza garajini nilimkuta mzee mmoja ameingiza pua ndani ya tangi la pikipiki, amefumba macho, ananusa kama anayeonja mchuzi. Hakuwa na nyusi. Hakunisalimu. Alinyanyua kichwa, akaniuliza kama nimewahi kuona tangi tupu likilipuka. Nikasema tangi tupu halina kitu, litalipuka vipi?

Mzee huyo alikuwa Nasoro, kutoka familia za Waomani wa hapa Bujumbura, wale wenye maduka tangu enzi za mababu. Ndugu zake waliuza vitambaa, yeye akapenda chuma. Aliokota tangi bovu lililokaa juani siku mbili bila tone la esansi, yaani petroli, akaliweka mwisho wa uwanja, akaniambia nikae nyuma ya ukuta. Akafunga kitambaa kwenye ncha ya mti mrefu, akakiwasha, akakisogeza kwenye mdomo wa tangi.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka nimekaa chini, masikio yanalia, na lile tangi liko juu ya paa la jirani.

"Lile ndo tupu," Mzee Nasoro akasema. "Mi nyusi zangu zilikwenda na tangi tupu. Uko na swali?"

Nilitikisa kichwa. Jioni ile, nyumbani kwetu mtaa wa Jabe, mama aliniita kula mara tatu kabla sijamsikia.

Nawaandikia nyinyi mnaobaki garajini. Nimefanya kazi pale miaka thelathini na moja, na mwezi uliopita nimerudisha funguo. Mambo ya vyeo mtayakuta kwenye mafaili. Mimi nitawaeleza kazi yenyewe, halafu nitawaeleza jambo moja ambalo wengi wenu mlilisikia kwa uongo, na uongo huo ulitoka kwangu.

Kazi yetu ilikuwa pikipiki za mradi wa afya. Zilibeba chanjo, dawa, na mara nyingine damu, kutoka Bujumbura kwenda hospitali za milimani. Mtu akienda Gitega, hakuna shida. Lakini ukipita Gitega, ukashika njia ya Ruyigi mpaka Cankuzo, zamani ungekuta kituo cha esansi kimoja, na mhudumu wake amekwenda msibani. Tangi la pikipiki zetu lilikuwa la lita kumi na moja. Kwa mlima wa kutoka hapa mpaka Bugarama, na mzigo nyuma, tulihesabu lita moja kwa kilomita ishirini, si zaidi. Kwenda tu ilikuwa bahati. Kurudi ilikuwa dua.

Wapanda pikipiki walikuwa na njia zao. Walifunga kidumu nyuma kwa mpira. Nikawaonyesha kidumu kimoja kilichokuwa kimevuja juu ya bomba la moshi, plastiki imeyeyuka kama mshumaa, na mwenye kidumu anatembea leo kwa miguu yake kwa sababu Mungu hakutaka aungue. Wengine walizima injini kutoka Bugarama, wakateremka mpaka mjini kwa breki peke yake. Waliokoa kikombe cha esansi, na mmoja akaacha meno mawili kwenye kona.

Mzee Nasoro alinifundisha kuanzia kwenye vitu vidogo. Upepo wa matairi, kila asubuhi. Mnyororo usiokazwa sana wala kulegea. Chujio la hewa lioshwe, maana injini isiyopumua inakunywa esansi kama ngamia. Na mkono wa kulia: anayeuzungusha taratibu atafika mbali kuliko mwenye tangi kubwa. Hayo peke yake yalitupa kilomita arobaini zaidi, na hakuna chuma kilichokatwa.

Lakini kilomita arobaini hazikutosha. Tukaanza kutengeneza tangi la pili, la lita sita, nyuma ya kiti. Lilikaa juu kuliko kabureta, ili esansi iteremke yenyewe bila pampu. Kifuniko kilikuwa na tundu dogo la hewa, kwa sababu tangi lisilopata hewa linagoma kutoa hata likijaa. Chini likatoka bomba la shaba, likazunguka fremu, likaingia kwenye mpira wa kabureta kupitia bulula ndogo, koki ya kufungua na kufunga. Tangi kubwa likiisha, unafungua bulula, unaendelea na safari. Mpanda pikipiki wa kwanza kufika Cankuzo na kurudi bila kuomba esansi kwa padri alinibusu kwenye paji la uso mbele ya watu.

Ugumu ulikuwa kulipinda lile bomba. Ukilipinda likiwa tupu, linabonyea na njia inaziba. Kwa hiyo unalijaza mchanga mkavu, unaziba ncha zote mbili, unalipasha moto, unalipinda polepole. Halafu unatoa mchanga. Unagonga, unapitisha waya, unaosha kwa maji yenye presha, unapuliza. Kisha unarudia. Moto unaugandisha mchanga ndani, unaweza kudhani bomba ni safi kumbe bado.

"Mara tatu," Mzee Nasoro aliniambia. "Kama udhu. Mara moja ni kwa macho ya watu."

Alifariki kabla ya mambo ninayotaka kuyasema. Nashukuru kwa hilo.

Mpanda pikipiki wetu bora aliitwa Deo. Alikaa mtaa wa Kamenge, karibu na hospitali kubwa, na mke wake Spes aliuza ndizi na maharage. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kabla ya safari alizunguka pikipiki yake akiigusa kila mahali, kama daktari. Alikuwa ananichosha kwa maswali, na nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo.

Ilikuwa Ijumaa. Gari la damu lilikuwa limeharibika gia, na hospitali moja upande wa Cankuzo ilikuwa na mama aliyejifungua asubuhi, damu haikatiki. Shefu, mkuu wetu wa kazi, akaamua Deo aende na sanduku la baridi. Tangi lake la pili nilikuwa nimelimaliza kulichomea asubuhi ile ile. Bomba nilikuwa nimelipinda, nimeliosha mara moja, na adhana ya Ijumaa ilikuwa imebaki kidogo. Nililipuliza, nikaweka kidole upande wa pili, nikasikia upepo. Nikalifunga.

Deo akaja, ameshavaa kofia ngumu.

"Fundi, umeosha bomba?"

"Nimeosha."

"Mara tatu?"

"Mara tatu, Deo. We nenda, mama wa watu iko nangoja."

Akaenda. Mimi nikatawadha, nikaenda msikitini, nikasali nikiwa na amani. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo: nilikuwa na amani.

Siku ya tatu Deo alirudi juu ya lori, pikipiki imelala kando yake. Damu ilikuwa imefika imechelewa kwa muda wa saa nne. Aliikimbiza kwa miguu, sanduku kichwani, kisha mwenye baiskeli akamsaidia. Alipoingia hospitalini, walikuwa wameshamfunika yule mama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mtoto alipona.

Shefu wa wakati ule alitazama tangi la pili: kavu. Alitazama kabureta: kavu. Akasema lita sita haziwezi kuyeyuka, Deo ameziuza njiani. Aliamuru tangi la pili litolewe pamoja na bomba lake, lifungiwe stoo kama ushahidi. Kisha akaniletea pikipiki, bila lile tangi, niikague niandike ripoti.

Niliikagua kwa uaminifu. Kabureta ilikuwa safi. Plagi nzuri. Nikatia esansi kwenye tangi kubwa, injini ikawaka kwa teke la pili. Nikaandika: hakuna kosa lolote la kiufundi. Nikatia saini.

Deo akafukuzwa siku hiyo hiyo. Alipita mbele yangu uwanjani, akasimama. Nilidhani anataka kuniaga. Alinitazama muda mrefu, akaenda zake. Nikasema moyoni, mwizi ana haya.

Na si moyoni tu. Miaka iliyofuata, wapya walipokuja, tulipokuwa tunakunywa chai, habari ya Deo ilisimuliwa kama fundisho: mtu aliyeuza esansi, mama wa watu akafa. Niliisimulia mimi mwenyewe. Wengine wenu mliisikia kutoka kinywani mwangu. Niliisimulia vizuri, najua kila mahali pa kutua sauti.

Basi, mnaijua hali ya esansi ilivyo sasa. Foleni za siku nzima, vituo vimefungwa kamba, kila mwenye pikipiki anataka kufika mbali kwa kidogo alichopata. Tumeletewa pikipiki zenye chupa za maji ya kunywa zimefungwa kwenye usukani kama matangi. Mtu mmoja kutoka Kiriri, mtaa wa matajiri, mwenye pikipiki kubwa ya gharama, alikuja na galoni la mafuta ya kupikia limechomekwa mpira wa hospitali, akaniuliza kama iko sawa. Nilimwambia ashuke kwanza, halafu tuzungumze.

Ndipo shefu wa sasa akaniambia, kabla sijaondoka, nifungue stoo ya zamani, nitoe kila tangi la pili linalofaa, tulirudishe kazini. Nilikuwa nimebakiza wiki tatu.

Nililikuta chini ya matairi. Nililijua kwa mshono wa kulehemu. Kila fundi anajua mkono wake. Bado lilikuwa na karatasi ya shefu, imeliwa na mende, jina la Deo linasomeka nusu. Nililipeleka kwenye meza, nikaanza kulifungua bomba ili nilisafishe. Nikaligonga kwa mpini wa bisibisi, kama nilivyozoea.

Mchanga ukamwagika mezani.

Nikasimama. Nikaligonga tena. Ukamwagika tena, ule mchanga mweupe wa ufukweni tuliokuwa tunautumia, kisha kipande kigumu kama kidole cha mtoto, kilichoganda na moto, kikavunjika vipande viwili. Nikaona rundo dogo juu ya meza. Lingejaa kiganja.

Sijui nilisimama pale muda gani. Mtu alinisemesha, nikaona mdomo wake unacheza. Nilijishika kwenye jiliwa la meza, lile la kubania vyuma, na nikaanza kufikiri kama fundi, kwa sababu sikuweza kufikiri kama mtu. Upepo nilioupuliza siku ile ulipita juu ya mchanga, maana mchanga haukuziba bomba lote. Barabara mbovu iliuvunja kidogo kidogo. Tangi kubwa lilipoisha njiani, kabla ya hospitali, Deo akafungua bulula, mchanga ukaingia kwenye kabureta moja kwa moja, kwa sababu chujio la kwenye bomba nilikuwa nimeacha kuliweka, lilikuwa linachelewesha esansi. Deo akafungua kabureta, akaisafisha. Akawasha. Mchanga ukaingia tena. Akamwaga esansi yote ya tangi la pili ili aoshe bomba. Ndiyo maana lilikuwa kavu. Ndiyo maana kabureta ilikuwa safi. Aliisafisha yeye, na mimi nikaandika hakuna kosa.

Niliukusanya mchanga kwenye bahasha, nikampelekea shefu wa sasa. Ni mtu mzuri. Akasikiliza, akavua miwani.

"Mzee Yusufu, dosye, lile faili la miaka kumi na tisa? Watu wote wa wakati ule walishakwenda. Pumzika, mzee wangu. Umefanya kazi nzuri."

"Kazi gani nzuri?" nikamuuliza. Akavaa tena miwani, akanirudishia bahasha.

Niliandika ripoti mpya kwa mkono wangu. Nilisema niliosha bomba mara moja, nikamwambia Deo mara tatu. Nilisema Deo hakuuza kitu. Nikatia saini ile ile. Nikapanda basi kwenda Kamenge nikiwa na bahasha mbili mfukoni, ya karatasi na ya mchanga.

Nyumba haikuwa ngumu kuipata. Deo alikuwa amekaa mlangoni anashona viatu. Ndiyo kazi aliyoifanya tangu atoke kwetu. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinitambua kabla sijafika.

"Karibu, fundi," akasema, bila kusimama.

Nikakaa kwenye benchi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Jabe, yakapotea yote. Nikafungua bahasha, nikamwaga mchanga kidogo kwenye kiganja changu, nikamwonyesha.

Aliutazama. Hakushtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka, kwa sababu uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Nilimuonyeshaga shefu," akasema. "Nilimuletea mu karatasi, kidogo, ule uliokuwa mu kabureta. Akaniambia mchanga uko mu barabara yote ya Burundi. Nikamuambia, uliza Yusufu, yeye anajua. Akakuuliza. We ukaandika."

"Hakunionyesha mchanga, Deo. Wallahi hakuniambia. Alinipa pikipiki tu."

Hapo ndipo alipoweka kiatu chini.

"Haukujua?"

"Sikujua. Nimejua wiki iliyopita."

"Miaka yote mi najua ya kama ulijua." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nasema, Yusufu anajua, na anakunywa chai."

"Nililiosha mara moja," nikasema. "Nikakuambia tatu. Hilo nilijua. Nilikuwa nakimbilia msikitini."

Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, akafuta mikono kwenye suruali. Sikuomba msamaha bado. Sikuona neno lililokuwa na upana huo. Nilikuwa nalitafuta wakati kitu kilipoanguka nyuma yetu.

Spes alikuwa amesimama mlangoni, sinia la chai limemwagika miguuni. Sikujua amesimama tangu lini. Alikaa chini pale pale kwenye maji ya chai, kitenge chake kikalowana, na hakuonekana kujua.

"Yampayinka," alishtuka kwa Kirundi, akamgeukia mume wake. "Haukuuzisha?"

Deo aliinama kuokota sinia.

"Spes," nikasema, "hakuuza. Ni mimi."

"Aliniambiaga." Alikuwa ananitazama mimi, si mume wake. "Siku ile ile aliniambia, mchanga, mchanga. Mi nikaenda kwa shefu kulia. Shefu akanipatia karatasi nisome. Fundi amesaini, hakuna kosa. Nikarudi hapa nikamuambia, we ni muongo, umeua mama wa watu. Nimemuambia hivyo miaka kumi na tisa. Akichelewa, namuambia. Akikosa, namuambia. Watoto wakiwa hapa, namuambia."

Nilitia mkono mfukoni. Nilijiona nimenyanyua ile ripoti mpya, nimemwelekezea.

"Hii nimeandika upya. Nimesaini. Ni yenu."

Aliipokea, akaitazama bila kuisoma, akaiweka kwenye benchi.

"Karatasi ilishatudanganya," akasema. "Utasema kwa mudomo."

"Nimeshasema."

"Apana. Kwa watoto."

Akaingia ndani, akatoka na simu. Watoto wao watatu wamekuwa watu wazima, kila mmoja na mahali pake. Deo akasema, "Spes, acha," akasema mara mbili, naye alikuwa ameshabonyeza. Aliweka sauti ya nje, akanisogezea simu mdomoni kama anayemnywesha mgonjwa dawa.

Mkubwa alikuwa Uvira, upande wa Kongo. Nikamwambia naitwa Yusufu, nilikuwa fundi wa baba yako. Nikamwambia yote. Akauliza kama ninataka pesa. Nikasema sitaki. Akauliza mbona nasema leo. Nikamwambia mchanga nimeuona wiki iliyopita tu, lakini uongo wangu wa mwanzo niliujua siku ile ile. Akatukana, tusi moja la Kirundi nililostahili, akakata.

Wa pili alikuwa Gitega, kwenye kelele za soko. Ilibidi nipige kelele. Majirani wakatoka. Nikasimama mlangoni kwa Deo nikapaza sauti kwamba niliosha mara moja nikasema mara tatu, na watu wa mtaa ule wakasikia wote. Kutoka kwa yule kijana nilisikia tu soko linaendelea, mtu anaita bei ya nyanya, na pumzi yake.

Wa mwisho ni binti, Aline, muuguzi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Aliniuliza maswali ya kazi: bomba lilikuwa na upana gani, kwa nini sikuweka chujio, mama yule alikuwa amebakiza muda gani. Nikajibu ninavyojua. Spes akafuta uso wake kwa ncha ya kitenge.

"Baba iko hapo?" Aline akauliza.

"Iko," nikasema.

"Nilikataaga asije mu harusi yangu," akasema. "Mumupatie simu. Na mutoe sauti ya nje."

Spes alitafuta kitufe, hakukiona, ikabidi nimsaidie mimi. Deo alisimama kwa taabu, akiegemea mlango. Aliichukua simu kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, akaenda nayo nyuma ya nyumba.